Mayai Saba Shambani kwa Mama Bonheur

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Jana nimeitwa mchawi mbele ya watu sitini, siku ya kufufuka kwa Bwana, nikiwa nimevaa kitenge kipya. Naandika kwa sababu nisipoandika nitamfokea mtu, na majirani zangu hapa Hjulsta hawana kosa. Daftari hili nililinunua kwa mambo ya kazi. Sasa litabeba hasira yangu.

Nianze mwanzo. Alhamisi iliyopita, kama kila Alhamisi, nilimchukua mjukuu wangu Tiana chekechea. Ana miaka sita. Watoto wa Uswidi, Alhamisi Kuu, huvaa kama vibibi vichawi: kitambaa kichwani, aproni, mashavu mekundu yenye madoa ya rangi, mkononi ufagio na birika la kahawa. Wanapita mlango kwa mlango, wanatoa kadi walizochora na kupewa peremende. Ni mchezo tu. Hata mwalimu wake alivaa hivyo. Nilimfunga kitambaa mwenyewe, nikampiga picha, nikamtumia mama yake, binti yangu Emmanuella. Emmanuella akamwonyesha mumewe Bonheur. Na Bonheur, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumficha mama yake kitu, akamtumia mama yake.

Mama yake ni Perpétue. Wengine tunamwita Mama Bonheur. Anaongoza maombi ya akina mama, anaota ndoto na kuzifasiri, na akikohoa watu wanasema amina. Jana baada ya mahubiri alisimama akainua simu juu.

"Bandugu, muangalie," alisema. "Hii njo mutoto wa Bonheur. Nani amemuvalisha hivi? Nani amemupa ufagio? Mwezi wa pili tulilia mimba ya Emmanuella, tukauliza: nani anakula batoto ba hii nyumba? Leo Mungu amejibu."

Simu ikapita mkono kwa mkono. Watu wote wale wanaishi Uswidi, na watoto wao walivaa vilevile Alhamisi ileile. Hakuna aliyefungua mdomo. Emmanuella alikuwa safu ya pili, mkono tumboni, mahali ambapo hakuna mtoto tena. Nilimtazama anitetee. Akatazama viatu vyake.

Jioni alinipigia. "Mama, unielewe. Tiana asikuje kwako kwanza. Mpaka mambo itulie."

Mimi nilifundisha darasa la tatu kwetu Uvira miaka kumi na mmoja. Niliwachapa watoto waliokuja shuleni na hirizi. Sijawahi hata kuogopa bundi. Leo mimi ndiye mla watoto, na aliyelilia mimba ile usiku na mchana hakuwa Perpétue, nilikuwa mimi. Namtaka mjukuu wangu. Na nataka Perpétue aumie. Sijui kipi nakitaka zaidi.

Jumatano, 23 Aprili

Nimepiga simu mara nne. Emmanuella hapokei.

Alhamisi, 24 Aprili

Alhamisi ya kwanza bila Tiana.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: dawa, chakula, soksi za kubana miguu. Wa kwanza kila asubuhi ni mzee Owen wa Rissne. Ana miaka themanini na sita. Ni Mwairishi, alikuja kijana kutengeneza malori Södertälje, akaoa huku, akafiwa na mke huku. Kiswidi chake kina milima na mabonde, changu pia, ndiyo maana tunaelewana.

"Adrienne, leo unanivalisha soksi kama unafunga mbuzi," aliniambia. "Nani kakuudhi?"

Nikamweleza yote, picha, kanisa, Tiana. Nilitegemea acheke au aseme niende kwa mshauri, maana Waswidi kila kidonda wanakipeleka kwa mshauri. Yeye aliuliza, "Huyo mwanamke anafuga au analima?"

"Analima." Nikamweleza kuhusu kile kishamba cha kukodi pembeni ya Hjulsta, ambako Perpétue anapanda lengalenga, mchicha wa kwetu, ya kulisha kanisa zima. Lengalenga ile ndiyo utukufu wake. Harusi ya Wakongo ukiila hapa mjini, umekula mkono wake.

"Basi dawa ni mayai," akasema.

Akaniambia kwamba kijijini kwao hakuna aliyemwita mwenzake mchawi kanisani, padri angewacharaza. Mwenye kisasi alingoja mkesha wa Mei Mosi. Alichukua mayai ya kuku anayeishi na jogoo, akayafukia kwenye matuta ya adui yake. Yai likioza, na bahati ya adui inaoza. Maziwa yake hayatoi siagi, viazi vyake vinakuwa maji. Tena bahati yenyewe haipotei, inahamia kwa aliyefukia.

"Wewe ulifanya?"

"Mama yangu alifanya."

"Ikawaje?"

"Jirani alikufa kabla ya mavuno." Akaomba kahawa, na nilipomletea alikuwa ameshahamia habari ya mwanamke aliyegeuka sungura kuiba maziwa ya ng'ombe wa watu.

Nilicheka peke yangu ndani ya treni. Miaka yote Wazungu wanatuita sisi washirikina! Lakini nilipofika Hjulsta nilijikuta nahesabu siku. Mkesha wa Mei Mosi ni Jumatano ijayo.

Jumamosi, 26 Aprili

Mayai ya dukani hayajui jogoo. Nimekwenda hadi Södertälje kwa Ndayisaba, Mrundi mwenye kuku nje ya mji. Akaniuliza mayai saba tu napika nini. Nikamwambia keki. Akasema keki ya mayai saba ni ya sherehe. Nikamwambia ndiyo, kuna sherehe.

Jumatano, 30 Aprili

Nimefanya.

Leo Waswidi wanawasha mioto mikubwa kuukaribisha msimu wa maua. Saa mbili jioni jua bado lilikuwepo, na kila mtu wa vishamba vile alikuwa kwenye moto, Perpétue mwenyewe nilimwona anawagawia watu maandazi. Nikapita nyuma, nikafungua kigeti chake cha mbao ambacho hakina hata kufuli, maana huku watu wanaaminiana. Alikuwa ameshalima. Udongo ulikuwa mweusi, laini, umechanwa vizuri kwa reki. Nampa haki yake, mkono wake ni safi.

Nilifukia manne kwenye kitalu cha lengalenga, matatu kwenye viazi, kina cha kiganja kimoja. Kila yai nililitajia jina lake. Perpétue. Perpétue. Mara saba. Nilijua ni dhambi. Nilisikia raha, naandika hivyo hivyo, raha ya mtu aliyevua kiatu kinachobana. Dawa ya moto ni moto. Walitafuta mchawi, wamempata.

Alhamisi, 1 Mei

Baridi. Nimelala vizuri.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Emmanuella amenitumia ujumbe: Tiana anakusalimia. Nikamwambia nipe nisikie sauti yake. Hakujibu.

Alhamisi, 29 Mei

Sikukuu ya Kupaa. Nimepita kando ya vishamba kama mtu anayenyoosha miguu. Lengalenga ya Perpétue imeota! Majani yamejaa, hata shimo moja hakuna. Na yeye amesimama katikati na kofia yake ya majani, anaimba wimbo wa sifa. Na nani yuko pembeni yake na ndoo ndogo ya njano? Tiana wangu. Alhamisi yangu anaila yeye.

Tiana aliniona. Aliinua mkono nusu, akamtazama bibi yake, akaushusha.

Nimerudi nyumbani nikapiga mlango mpaka kioo cha kwenye korido kikaanguka. Mzee Owen na mayai yake! Nimemlisha Perpétue mbolea.

Ijumaa, 6 Juni

Hakuna cha kuandika. Nimemchukia kutwa nzima.

Jumatatu, 16 Juni

Konokono! Wale wakubwa wa kahawia, wasio na gamba, ambao Waswidi wanawaita wauaji. Mvua ya wiki nzima imewatoa. Leo nimepita, kitalu cha lengalenga ni vijiti vitupu. Vishamba vya majirani wamegusa hapa na pale, lakini kwa Perpétue wamefanya karamu. Alikuwa anawaokota kwa kijiko na kuwatia kwenye ndoo ya maji ya chumvi, mgongo umepinda. Hakuwa anaimba.

Nilisimama kwenye ua na kumsalimia kwa heshima zote. "Mama Bonheur, habari ya shamba?"

"Ni majaribu, mama," akajibu, bila kuinua kichwa.

Nimenunua keki ya krimu, nimeila peke yangu yote.

Jumapili, 22 Juni

Nimekaa kanisani benchi la mwisho. Siendi kuomba, naenda ili wanione. Leo Perpétue hakuwepo. Ametangazwa: ameteleza juzi kwenye utelezi wa konokono walewale shambani kwake, amevunjika mkono wa kulia, umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Tumwombee.

Nilifumba macho pamoja na wengine. Sitaandika nilichosema.

Jumatano, 25 Juni

Nimemsimulia mzee Owen habari ya konokono na mkono, kama stori tu, bila kusema chochote juu ya mayai. Hakucheka. Amepungua sana, soksi sasa zinaingia bila kuvutwa.

Jumanne, 8 Julai

Daktari amesema moyo wa mzee Owen umechoka, abaki nyumbani kama anavyotaka. Nimeongezewa muda kwake.

Leo alinishika mkono nikimfuta uso. "Habari ya mayai sikukumalizia," alisema.

Nikakaa.

"Tulimzika yule jirani mwezi wa nane. Wiki tatu baadaye nilikuwa natoka kukata nyasi. Nina miaka kumi na saba, siogopi kitu, na jua halijazama. Nikamwona kwenye shamba lake la viazi. Amevaa suti tuliyomzikia. Ameinama kwenye matuta anafukua kwa vidole, tuta moja, linalofuata, anapapasa kama mtu aliyedondosha funguo. Mikono yote udongo. Nikamwita kwa jina. Hakugeuka. Akamaliza tuta, akahamia lingine."

"Alikuwa anatafuta nini?"

"Adrienne. Unajua alikuwa anatafuta nini."

Owen alimwambia mama yake. Mama akampiga kofi. Asubuhi, kabla ya ng'ombe kukamuliwa, mama alikwenda akayafukua mayai yote na kuyachoma kwa majani makavu, naye Owen akaona kwa dirisha mama yake analia huku anachochea. Yule jirani alikuwa amekataza ng'ombe wao kunywa kwenye kijito chake. Basi. Kosa lake lilikuwa hilo tu.

"Wewe hukuyaweka, sivyo?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. Mtu anayekufa nikamdanganya nikiwa nimeshika kitambaa cha kumfutia uso.

Alhamisi, 10 Julai

Naandika haya mchana peupe, nikiwa na akili zangu.

Saa tano asubuhi nilikuwa jikoni kwa mzee Owen napasha supu. Madirisha yote wazi kwa sababu ya joto. Nikasikia mwanamke analia. Si kilio cha ugomvi wala cha mtoto. Ni kile cha msibani, kinachopanda, kinakatika, kinaanza chini tena. Mimi vilio vya msibani navijua, nimevilia. Kilikuwa karibu, kama nje ya ukuta wa chumba chake. Ghorofa ya tano! Nilikwenda kwenye roshani, hakuna mtu. Uani chini kijana mmoja alikuwa anatengeneza baiskeli. Nikamwita: nani analia huko? Akasema hajasikia kitu. Na kilio kilikuwa kinaendelea, masikioni mwangu, wakati ananijibu.

Nilirudi ndani. Mzee Owen alikuwa na macho wazi.

"Unamsikia?" aliniuliza.

"Namsikia."

"Basi sijarukwa na akili." Alikuwa mweupe kama shuka, lakini mdomo ulikuwa karibu kutabasamu. Akaniambia kwamba kwao kuna koo ambazo mwanamke huyo huzililia kabla ya kifo, tangu zamani, na ukoo wake ni mmojawapo. Alimlilia babu yake, alimlilia mama yake. "Mimi nilidhani nimemkimbia. Miaka sitini na tatu, bahari mbili. Sikujua angeipata njia ya kuja Rissne."

Kilio kikanyamaza ghafla, kama mtu aliyefungiwa mlango. Supu ilikuwa imeungua.

Jumapili, 13 Julai

Mzee Owen amefariki jana saa sita mchana. Nilikuwepo. Nilimfunga kidevu kwa kitambaa, kama tunavyofanya kwetu, na mwenzangu wa kazi Rebecka hakuniuliza kitu.

Nimelia sana. Kisha hofu imeingia. Kama kilio kilikuwa cha kweli, na mimi nimekisikia kwa masikio haya, basi na mayai ni ya kweli. Na udongo ule, ni nani anashinda juu yake likizo yote, anachezea, anakula karoti bila kuosha? Wakati natamka jina la Perpétue mara saba sikuwahi kufikiri ni mikono ya nani itakayoingia pale.

Jumatatu, 14 Julai

Nilikwenda saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kazi, na koleo dogo na mfuko. Kwenye viazi: mayai yote matatu. Kitalu cha lengalenga kilikuwa kimelimwa upya, kibovubovu, kama kwa mkono wa kushoto, au mkono mdogo. Nikapata moja. La pili. La tatu. Nilipiga magoti nikafukua kwa vidole, nikipapasa mstari mmoja, mwingine, na hapo nikamkumbuka yule marehemu wa Owen na suti yake, nikaacha kwa nguvu kama nimeungua. Sita. La saba halipo.

Nimeyachoma kwenye jiko la nyama lililo ufukweni. Harufu haijatoka kwenye nywele.

Jumatano, 16 Julai

Silali. Nimetuma ujumbe: Tiana hajambo? Emmanuella: ameumwa tumbo kidogo, juu ya nini unauliza?

Jumapili, 20 Julai

Leo Perpétue amekuja kwangu. Na Tiana.

Nilifungua mlango nikidhani nimeletewa kanisa zima. Walikuwa wawili tu. Tiana alinikumbatia kiunoni, haraka, akaenda sebuleni kukaa na simu ya bibi yake. Perpétue hakuvua kofia.

"Mama Emmanuella, mi sikukuya na vita," alisema. Akatoa kwenye mkoba mfuko, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake wa tatu. Harufu ilimtangulia. Lilikuwa nusu ganda la yai.

"Tiana alikuwa ananisaidia kupanda tena, juu mukono yangu imevunjika. Akalipata kwa udongo. Alifurahi! Akasema, farmor, tazama, ni mormor amenifichia yai la Pasaka, kila mwaka ananifichia. Likapasukia kwa mikono yake. Alitapika siku mbili."

Kwa Kiswidi farmor ni mama wa baba, mormor ni mama wa mama, yaani mimi. Kweli, kila Pasaka namfichia mayai ya karatasi yenye peremende, nyuma ya redieta ya kupasha nyumba joto, ndani ya viatu. Mtoto aliujua mkono wangu hata chini ya udongo.

Nilingoja matusi. Badala yake Perpétue aliuegesha mkono wenye plasta juu ya meza.

"Nikuambie kweli," alisema. "Ile Pasaka, mi sikuamini. Nilijua ni muchezo wa bazungu, Bonheur mwenyewe alivaa vile mwaka tulifika. Lakini huyu mutoto ni mormor asubuhi, mormor mangaribi. Nilitaka na miye anitaje kidogo. Basi nikasema ile neno. Na sasa imekuwa kweli. Wewe kweli uko muchawi. Konokono ni wewe. Mukono ni wewe. Toa ile kitu yako, nakuomba. Mi nazeeka, lakini mutoto…" Akatazama sebuleni alikokuwa Tiana.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilimwona mbele yangu bila amina za watu, mwanamke mwenye wivu wa mjukuu, kama mimi. Ningeweza kumwambia: dada, ni hadithi ya mzee mmoja wa Kiairishi, nilikuwa na hasira, sita nimeshayatoa, la saba ndilo hilo, yamekwisha. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini nikaona tena simu inapita mkono kwa mkono, na binti yangu anatazama viatu.

"Yalikuwa saba," nikasema. "Niliyaweka mimi, na jina lako nimelitaja juu ya kila moja. Hakuna pasta wala mganga atakayeyatoa. Ni mimi tu."

"Unataka nini?"

"Jumapili ijayo usimame palepale, useme mbele ya walewale kwamba ulidanganya. Na Tiana arudi kwangu Alhamisi. Ukifanya hivyo, nitaufungua mkono wako na shamba lako. Usipofanya, bado sijaanza."

Sijui niliipata wapi sauti ile. Perpétue aliinamisha kichwa. "Nitasimama," alisema. "Lakini toa."

Wakati wote huo Tiana alikuwa kwenye sofa, miguu inaning'inia. Tuliongea Kiswahili. Yeye siku zote anatujibu Kiswidi, kwa hiyo wakubwa tumezoea kusema mambo juu ya kichwa chake.

Jumapili, 27 Julai

Amesimama. Akasema alidanganya, kwamba ni shetani wa wivu alimtumia, kwamba Mama Emmanuella ni mama wa heshima. Watu wakasema amina kwa sauti ileile waliyoitumia siku ya Pasaka. Emmanuella alinifuata mlangoni akapiga magoti, mbele ya wote, akalia kwenye kitenge changu. Nikamwinua. Nilikuwa nimeota siku hii tangu Aprili. Perpétue alipita karibu, akaniamkia kwa mikono miwili, ule wa plasta pia, kama mtu anayemwamkia chifu, na nikaona kwamba ananiogopa kweli, na ataniogopa mpaka afe. Ilikuwa tamu. Siwezi kusema haikuwa tamu.

Alhamisi, 31 Julai

Tiana ana mafua, wiki ijayo.

Alhamisi, 7 Agosti

Emmanuella alimleta saa tano, akambusu, akakimbilia kazini. Nilikuwa nimepika tangu asubuhi kila anachopenda: wali, maharage mazito, ndizi za kukaanga, hata soda ya machungwa ambayo huwa namkataza. Nimefua mto wake. Nimemnunulia begi la shule, maana tarehe kumi na tisa anaanza, na Emmanuella amekubali nimpeleke mimi.

Alisema asante kwa begi. Alikaa kwenye kiti chake, wima, mikono chini ya mapaja. Nikampakulia. Nikamwambia, "Kula, mama, kitapoa."

Hakugusa. Alikuwa anatazama sahani, kisha mimi, kisha sahani.

"Unaumwa?"

Akatikisa kichwa. Akasema polepole, kwa adabu kabisa, kama wanavyowafundisha chekechea kuomba zamu:

"Du först, mormor."

Wewe kwanza, bibi.

Kwetu Kivu, anayemkaribisha mgeni huonja kwanza mbele yake. Tunaita kutoa sumu. Mgeni usiyemjua, mtu wa njiani, mtu wa ukoo mlioumizana, huyo ndiye anayeonjewa ili aone kwamba hakuna kitu. Mtoto wako haonjewi. Haijawahi kutokea. Sijui nani alimfundisha, na sina haki ya kuuliza, kwa sababu aliyemwambia kwamba mimi naweza kuweka na kutoa ni mimi, kwa mdomo wangu, yeye akiwa pale kwenye sofa.

Nilichukua kijiko. Nikaonja wali wake. Nikaonja maharage. Nikakata ncha ya ndizi, nikatafuna. Nikanywa na soda yake. Tiana alikuwa anaangalia shingo yangu nikimeza.

Kisha akahesabu kimyakimya kwa Kiswidi, midomo inacheza, hadi kumi, akachukua uma.